Kabla ya kusema bodi imeungua

Kompyuta ya mezani inawashwa, feni zinavuma, taa ya mbele inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Katika ofisi na shule zetu nyingi hatima ya mashine hiyo huamuliwa kwa maneno mawili: bodi imeungua. Inabebwa hadi stoo, inapangwa juu ya nyingine zilizotangulia, na baada ya siku chache barua ya kuomba mpya inafika mezani kwa mkuu. Hakuna anayeuliza bodi hiyo ilipimwa vipi, wala ni vitu gani vilikaguliwa kabla yake vikaonekana vizima. Ninachodai ni kwamba swali hilo liulizwe kila mara, na kazi ya kulijibu ilipiwe. Mafundi wenye ujuzi tunao. Anayekosekana ni mteja aliye tayari kumlipa fundi kwa kutafuta kilichoharibika, maana tumezoea kulipia kifaa kinachobadilishwa tu. Fundi anayeishi kwa kuuza vifaa ataona haja ya kifaa kila anapotazama, na lawama ya hilo si yake peke yake.

Udhaifu wa hukumu ya haraka unaonekana mtu akifuatilia kinachotokea katika sekunde za kwanza baada ya kitufe kubonyezwa. Pawa saplai huubadili umeme wa ukutani, ambao kwetu ni volti 230 hadi 240, kuwa volti 12, 5 na 3.3. Ikishatulia, hutuma ishara kwenye mazabodi kwamba umeme uko sawa. Isipotuma, prosesa haianzi kazi hata kama kila feni inazunguka. Prosesa ikiamka husoma programu fupi iliyohifadhiwa kwenye mazabodi yenyewe, yaani BIOS au mrithi wake UEFI, na programu hiyo huanza kwa kukagua vifaa, RAM ikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Picha huja baadaye. Hapo ndipo penye fumbo lote: RAM ikilegea kwenye nafasi yake, mashine hukwama kabla haijapata uwezo wa kuandika neno lolote, kwa hiyo haiwezi kumwambia mtu kwa maandishi kwamba RAM imelegea. Weusi ule ule hutokea pawa saplai ikidhoofika, kadi ya picha ikiwa haikukaa sawa, kebo ikikatika kwa ndani, au monita ikiwa imeelekezwa kusubiri picha kutoka tundu lisilochomekwa kitu. Sura ni moja, vyanzo ni vingi, na anayetaja kimoja kwa kutazama tu amebahatisha.

Vyanzo vya nje ya boksi ndivyo vinavyodharauliwa zaidi, pengine kwa sababu kuvishughulikia hakumpi mtu sifa ya ufundi. Monita inayoandika kwamba haipati ishara iko hai na imejieleza yenyewe. Ikiwa nyeusi kabisa, kitufe chake cha menyu kikibonyezwa na menyu ikajitokeza, basi kioo na taa zake za nyuma ni vizima. Kuihamishia monita hiyo kwenye kompyuta ya meza ya jirani pamoja na kebo yake ni kazi ya dakika mbili, na jaribio hilo pekee linagawa tatizo pande mbili: ama liko kwenye monita na kebo, ama liko kwenye mashine. Kebo za VGA, teknolojia ya mwaka 1987 ambayo bado inahudumu katika ofisi nyingi, zina pini nyembamba zinazopinda zikichomekwa kwa nguvu. (Pini moja ikikosekana katikati isimtishe mtu; kebo nyingi hutoka kiwandani bila pini ya tisa.) Kompyuta yenye kadi ya picha ya ziada huwa na matundu ya aina mbili mgongoni, ya mazabodi na ya kadi, na mara nyingi picha hutoka kwenye kadi tu. Prosesa za Intel ambazo namba yake inaishia na herufi F hazina sehemu ya picha kabisa, hivyo tundu la mazabodi halitatoa kitu hata likingojwa mwaka mzima. Mashine ya namna hii ikisogezwa ili sakafu ipigwe deki, kebo ikarudishwa kwenye tundu lisilo lake, kesho yake inatangazwa kufa ikiwa haina kasoro yoyote.

Tukiingia kwenye mashine yenyewe, ushahidi unaongezeka, kwa sababu waliotengeneza kompyuta za ofisini walijua kwamba skrini inaweza kunyamaza. Walizipa njia nyingine ya kusema. Dell OptiPlex huonyesha hitilafu kwa taa ya kitufe cha kuwashia, inayogeuka rangi ya chungwa na kupepesa kwa mpangilio unaosomeka katika mwongozo wa modeli husika. Katika kompyuta za ofisini za HP za miaka ya nyuma, milio mitano ikiambatana na taa nyekundu inayopepesa mara tano ilimaanisha hitilafu ya RAM, na milio sita ilimaanisha upande wa picha. Hizi ndizo aina zinazojaa katika maduka ya kompyuta za mitumba kuanzia Kariakoo hadi katikati ya Nairobi, na miongozo yake hupatikana bure kwenye intaneti. Kuna pia kipimo kisichohitaji mwongozo wowote: bonyeza Num Lock au Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, basi kwa kawaida mashine imekwishavuka ukaguzi wa mwanzo, prosesa inafanya kazi, na kinachotafutwa kiko upande wa picha au wa programu. Ikiwa nembo ya kampuni ilionekana kwanza na weusi ukaja Windows ilipoanza kupanda, kusema bodi imeungua ni kukana kile macho yameona; mshukiwa wa kwanza hapo ni programu inayoendesha kadi ya picha, ambayo wakati mwingine hurudi kazini kwa kubonyeza vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja.

RAM inastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa ni kifaa kinachosingiziwa kufa kumbe kimechafuka tu. Miguu yake imepakwa dhahabu, lakini nafasi inamochomekwa ni wazi kwa vumbi, na vumbi likikutana na unyevu, hasa katika miji ya pwani yenye hewa ya chumvi, mguso hudhoofika. Dawa ya kwanza ni kuzima, kuchomoa waya ukutani, kuitoa RAM, kuisafisha na kuirudisha hadi vishikizo vya pembeni vijifunge. Mafundi wengi hutumia raba ya penseli. Wapo wanaoipinga kwa kuwa inasugua dhahabu na kuacha ungaunga, na nadhani hoja yao ina uzito. Spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi vinatosha. Kama RAM ziko mbili, ijaribiwe moja moja, katika kila nafasi. Kisha kuna jaribio ambalo ningependa kila mwenye kompyuta alijue: ondoa RAM zote, washa. Mashine ikilia kwa malalamiko, au taa yake ikapepesa kwa mpangilio wa kukosa RAM, imekwishatoa ushahidi mzito kwamba prosesa na mazabodi viko hai, kwani kitu kilichokufa hakiwezi kugundua kwamba kimenyimwa RAM. Lazima nikiri kwamba mazabodi nyingi za siku hizi huuzwa bila kispika kidogo cha milio, hivyo ukimya si lazima uwe ushahidi wa kinyume. Kispika hicho huuzwa kwa bei ndogo na fundi makini hawezi kukikosa mfukoni.

Pawa saplai nayo hulindwa na imani moja potofu: feni ikizunguka, umeme upo. Feni huhitaji volti 12 tu, na huzunguka hata umeme huo ukiwa dhaifu. Njia za volti 5 na 3.3 zinaweza kuwa zimeshuka kupita asilimia 5 inayoruhusiwa na feni ikaendelea kuvuma kana kwamba hakuna jambo. Prosesa nayo ina plagi yake ya umeme yenye pini nne au nane karibu na kona ya mazabodi. Ikisahaulika wakati wa kusafisha, matokeo yake ni feni zinazozunguka mbele ya skrini nyeusi. Mita ya umeme mkononi, au pawa saplai nyingine inayojulikana kuwa nzima, humaliza ubishi huu mara moja. Upo pia ushahidi wa macho. Miaka ya mwanzo ya 2000 soko la dunia lilijaa kapasita mbovu zilizovimba na kuvuja kwenye mazabodi za kampuni nyingi, na Dell OptiPlex GX270 ikawa mfano maarufu wa balaa hilo. Kapasita iliyovimba kichwani huonekana kwa tochi, na hata hiyo fundi mwenye bomba la kuyeyushia risasi huibadilisha bila kuitupa bodi nzima.

Yote haya ni mambo ya kawaida kwa fundi aliyesoma kazi yake. Kwa nini basi hayafanywi? Naamini jibu liko kwenye malipo. Mteja wetu akipewa RAM mpya analipa bila kunung'unika kwa sababu ameishika mkononi. Akiambiwa kwamba fundi ametumia saa nzima kujaribu kifaa kimoja baada ya kingine na mwishowe amesogeza kebo tu, anaona ametapeliwa. Kwa mteja wa namna hiyo, fundi mwaminifu analala njaa na fundi wa kukisia anajenga. Upande wa taasisi hali ni mbaya zaidi, kwani anayesaini kwamba kompyuta imekufa haulizwi ushahidi, ilhali anayeomba fedha kidogo za kununua betri ya saa ya CR2032 au kebo ya akiba huombwa maelezo ya kurasa tatu. Mfumo unaofanya ununuzi mkubwa uwe mwepesi kuliko ukarabati mdogo utazalisha mashine zilizokufa hata pasipo fundi mmoja mwenye nia mbaya.

Tumewahi kuwa na tabia kama hii katika jambo zito kuliko kompyuta, na tukaibadili. Kwa miaka mingi homa yoyote katika ukanda wetu ilipewa dawa ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na vipimo vya haraka vikafika hadi zahanati za vijijini. Ikaonekana wazi kwamba homa nyingi zilikuwa na vyanzo vingine, na kwamba kila kidonge alichopewa asiye na malaria kiliuacha ugonjwa halisi ukiendelea. Badiliko lile halikuletwa na kuwataka waganga wawe waadilifu zaidi. Lililetwa na kanuni kwamba bila kipimo hakuna dawa, pamoja na fedha za kununua vipimo. Kompyuta inahitaji kanuni ya aina hiyo hiyo: bila karatasi ya vipimo, hakuna kutangaza kifo.

Wako watakaosema kwamba umeme wetu kweli huunguza bodi, na hilo sibishani nalo. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, au radi ikipiga karibu, vifaa vinakufa. Lakini pigo hilo kwa kawaida hupitia pawa saplai kwanza, na mara nyingine huishia hapo, kwa kuwa ndiyo iliyoko kati ya ukuta na bodi. Kwa hiyo hoja ya umeme mbovu ni sababu ya kuijaribu pawa saplai nyingine kabla ya kuihukumu bodi. Haiwezi kuwa sababu ya kuiruka. Wengine watasema ni hatari kumhimiza mtu wa kawaida afungue boksi. Kweli kuna mipaka. Waya uchomolewe ukutani, kuzima kwa kitufe hakutoshi. Kitufe cha kuwashia kibonyezwe kidogo ili umeme uliobaki uishe. Mkono uguse chuma cha boksi kabla ya kugusa RAM. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe kamwe na asiye fundi wa umeme, maana kapasita zake huhifadhi volti za kuua hata baada ya kuchomolewa. Na kwenye pawa saplai za zamani zenye swichi nyekundu ya 115 na 230, ibaki kwenye 230, kwa kuwa kuiweka 115 kwa umeme wetu ni kuiunguza papo hapo. Ndani ya mipaka hiyo, kubadilisha kebo na kuchomeka RAM upya hakumhatarishi mtu makini.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la umri. Kwa nini mtu ahangaike na mashine ya miaka kumi? Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache sana. Sehemu kubwa ya kompyuta za mitumba tulizonazo ziko chini ya mstari huo. Hoja hii naiheshimu, na wakati mwingine jibu lake sahihi ni kweli kustaafisha mashine. Ninachokataa ni kuitumia kuficha uvivu wa kupima. Swali la kama kompyuta bado inafaa kwa kazi fulani ni tofauti na swali la kama imeharibika, na wa kwanza kuchanganya maswali hayo huwa ni yule anayetaka mpya. Mashine isiyofaa kwa mhasibu, ikiwekwa Linux, bado hufundisha kuchapa katika darasa la sekondari. Hata inayostaafishwa inapaswa kuwashwa kwanza, kwa sababu ambayo huzungumzwa mara chache: diski.

Skrini kuwa nyeusi hakuigusi diski. Kompyuta iliyotangazwa kufa kwa sababu ya kebo inaondoka ofisini na majina ya wagonjwa, matokeo ya mitihani, mishahara na barua za siri zikiwa salama salimini ndani yake, tayari kusomwa na yeyote atakayeinunua kwenye mnada. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili humwajibisha anayetunza taarifa za watu azilinde. Sioni jinsi taasisi inavyoweza kudai kuwa imelinda taarifa ikiwa haikujua kama kompyuta iliyoiuza kama chuma chakavu ilikuwa hai au la. Vipimo vinavyookoa fedha ndivyo vinavyompa mtu nafasi ya kufuta diski, au angalau kuichomoa kwa makusudi badala ya kuisahau.

Zile ambazo haziuzwi, huishia kuwa taka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inakadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa Afrika kiwango hicho kiko chini ya asilimia 1. Kinachobaki huvunjwavunjwa na vijana bila glavu, nyaya zikachomwa moto ili kutoa shaba, na moshi ukaingia kwenye vifua vya mtaa mzima. Bara lenye uwezo mdogo kuliko yote wa kurejeleza taka hizi ndilo lenye sababu kubwa kuliko yote ya kutoita taka kitu ambacho hakijapimwa.

Karatasi ya vipimo ninayoizungumzia haihitaji kuwa ndefu. Iseme monita na kebo zilijaribiwa kwenye mashine gani, taa na milio ilisema nini, RAM zilijaribiwa moja moja na zikatoa matokeo gani, pawa saplai nzima ilijaribiwa au la, na mashine ilifanya nini ilipobakizwa na mazabodi, prosesa, RAM moja na pawa saplai peke yake. Isainiwe na fundi kwa jina lake. Kamati za uondoaji mali, ambazo Kenya iliziweka katika sheria yake ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma ya mwaka 2015, zikatae kupokea kompyuta isiyo na karatasi hiyo, na wakuu wa shule na hospitali binafsi wafanye vivyo hivyo bila kusubiri waraka. Fungu la vipimo liandikwe kwenye bajeti kama linavyoandikwa la mafuta ya gari. Na wewe mwenye kompyuta moja tu dukani kwako, fundi akikuambia bodi imeungua, mwombe aondoe RAM zote, achomeke kispika, awashe mbele yako, kisha msikilize pamoja kama italia. Akimaliza mlipe, hata kama hakukuuzia kitu.